Kinosaki au Kurokawa? Kuchagua kijiji cha maji moto kwa siku moja ya vuli Japani

"Dada, safari nzima tuna siku moja tu isiyo na mkutano wala mtihani. Twende kijiji gani cha maji moto?"

Ujumbe huo umetoka kwa mdogo wangu. Mumewe anasoma Japani, na mwezi wa kumi na moja yeye anakwenda kumtembelea. Watakuwa Osaka siku chache, halafu Fukuoka kwa shughuli za chuo. Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi zikapita sijafika kwenye jibu. Nimeona bora niandike, maana si yeye peke yake anayeuliza. Ndugu zetu wanaokwenda Japani kwa masomo na mafunzo ni wengi, na kila vuli ikifika swali ni lilelile.

Majina mawili ndiyo yanayorudi kila mara: Kinosaki, mkoani Hyogo, upande wa Bahari ya Japani, na Kurokawa, mkoani Kumamoto, milimani katika kisiwa cha Kyushu. Nimeoga kote kuwili, Kinosaki mara nyingi zaidi kwa kuwa niliishi Kobe miaka miwili, na Kobe iko katika mkoa huohuo wa Hyogo. Navipenda vyote viwili. Lakini kwa mwenye siku moja havilingani, na sitamaliza bila kusema nakiegemea kipi.

Bafu ni la nani?

Watu wa Kinosaki husema mji wao wote ni nyumba moja ya wageni. Stesheni ya treni ndiyo mlango, barabara ndizo korido, ryokan, yaani nyumba za wageni za jadi, ndizo vyumba vya kulala, na mabafu ya umma ndiyo bafu la nyumba. Watu wa Kurokawa nao husema Kurokawa nzima ni ryokan moja: njia ni korido, na kila ryokan ni chumba. Ukisikia hivyo utadhani ni vijiji pacha. Wanaachana pale unapouliza bafu lenyewe ni la nani.

Kinosaki, bafu ni la mji. Kuna mabafu saba ya umma, huitwa sotoyu, yaliyotawanyika kuanzia stesheni hadi mwisho wa mji, mengi yakiwa hatua chache tu kutoka mto mdogo wa Otani wenye mierebi ukingoni: Satono-yu, Jizo-yu, Yanagi-yu, Ichino-yu, Goshono-yu, Mandara-yu na Kono-yu. Anayelala mjini hupewa na ryokan yake pasi ya kuingia yote bila malipo. Anayekuja na kurudi hununua pasi ya siku.

Ushirika huo haukupatikana kirahisi. Mwaka 1925 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliuteketeza mji. Ulipoanza kujengwa upya, mwaka 1927, ryokan moja ikataka kuwa na bafu lake la ndani la maji moto. Majirani wakapinga, wakihofu kwamba kila mmoja akijichimbia lake, mabafu ya umma yatakufa na mji utakufa nayo. Mgogoro ukafika mahakamani na haukuisha mpaka mwaka 1950. Walipatana kwamba bafu za ndani ziwepo, lakini ziwe ndogo. Ndiyo maana hadi leo mgeni wa Kinosaki hajifungii ndani. Bafu la ryokan yake ni la kuondolea uchovu wa safari. La kuogea hasa liko nje, na lazima atembee kulifuata.

Kurokawa bafu ni la mwenye nyumba, na kila mmoja analionea fahari lake. Mwenyeji mmoja, Goto Tetsuya wa ryokan ya Shinmeikan, alichimba pango kwenye mwamba kwa tindo na nyundo, kwa mkono wake, akalifanya hodhi la kuogea. Baadaye akawaonyesha wenzake namna ya kujenga rotenburo, yaani hodhi la wazi chini ya mbingu, na kulizungushia miti ya kawaida ya msituni badala ya bustani iliyonyolewa. Nyumba mbili hazikuwa na nafasi ya kujenga. Wenzao wangeweza kuziacha zijifie. Badala yake, mwaka 1986, kijiji kikabuni tegata: kipande cha mviringo cha mbao chenye kamba, ambacho mgeni hukivaa shingoni na kuoga nacho katika nyumba tatu anazozichagua mwenyewe, hata kama ryokan aliyofikia haina hodhi la wazi. Wakang'oa pia mabango ya matangazo yapatayo 200, kila mtu akiondoa lake, wakabaki na vibao vya rangi moja vinavyoelekeza njia.

Kwa hiyo nyumba moja ya Kinosaki ni barabara yenye watu. Ya Kurokawa ni msitu wenye milango.

Mchana au usiku?

Hapa ndipo penye jibu langu, na ni jambo ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote kabla ya kwenda.

Kinosaki ni mji wa jioni. Baadhi ya mabafu hufunguliwa saa moja asubuhi, lakini Yanagi-yu na Mandara-yu, kwa mfano, hufunguliwa saa tisa alasiri, na kila bafu lina siku yake moja ya kufungwa katika wiki. Mchana kuna ya kufanya. Kuna kigari cha kamba kinachopanda mlima Daishi hadi hekalu la Onsenji, ambako zamani waogaji walikwenda kwanza kuomba kabla ya kugusa maji. Kituo kimoja cha treni kutoka hapo kuna Genbudo, mapango ya mawe ya volkano yaliyokatika kama nguzo zenye pembe, ambayo mwanasayansi Matuyama Motonori aliyachunguza mwaka 1926 akagundua kwamba usumaku wa mawe yale umeelekea kinyume na wa dunia ya leo. Ni siku nzuri. Lakini mji wenyewe bado umelala.

Giza likianza kuingia, milango ya ryokan inafunguka na watu wanatoka: wazee, wachumba, watoto, wote wamevaa yukata, vazi la pamba la mikono mipana linalofungwa kwa mkanda, na miguuni geta za mbao. Bibi yangu Tanga alikuwa na mitalawanda ya kwendea msalani. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu azikwe, nikaja kuisikia juu ya madaraja ya mawe ya Kinosaki, jozi mia kwa wakati mmoja. Nilisimama chini ya mwerebi nikasikiliza tu. Mvuke unatoka madirishani, taa zinaakisi mtoni, mtu anatoka Ichino-yu uso umeiva kwa joto anaingia Goshono-yu. Hiyo ndiyo Kinosaki. Na mgeni wa siku moja, saa hiyo, anatazama saa yake asikose treni ya kurudi Osaka.

Kurokawa ni kijiji cha mchana. Wageni waliolala wakiondoka asubuhi, mahodhi yanabaki kwa wenye tegata. Kila ryokan ina saa zake na siku zake za kupumzika, na ofisi ya wageni katikati ya kijiji itakwambia zipi ziko wazi. Uzuri wote wa pale unataka mwanga: jua linalopenya kwenye matawi, mto Tanoharu ukipiga kelele chini, jani jekundu likishuka polepole na kutua juu ya maji mbele ya kidevu chako. Usiku wageni hula ndani ya ryokan zao, njia zinabaki kimya, na ule msitu ulioufuata huuoni. Anayeondoka saa kumi au kumi na moja jioni hajapoteza kitu kikubwa.

Ukiwa na tegata, usichague nyumba tatu zinazofanana. Nenda kwenye pango moja, nenda kwenye hodhi moja lililo kando ya mto, na la tatu liwe nje ya kijiji kidogo. Yamamizuki, iliyo ndani ya msitu kando ya kijito, ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Katikati ya bafu na bafu keti, kunywa maji, kula yai lililochemshwa kwa maji ya chemchemi. Dakika kumi ndani zinatosha kwa anayeanza. Mimi nilitaka kupata faida ya fedha yangu, nikaingia matatu bila kupumzika, nikamaliza siku kichwa kikizunguka.

Bei hazitakusaidia kuchagua. Tegata ya Kurokawa na pasi ya siku ya Kinosaki zote zinazunguka hapo kwenye yeni 1,500.

Stara

Najua wengi wetu tunalifikiria hili kwanza na kuliuliza mwisho, kwa hiyo nilieleze kinaganaga.

Katika mabafu haya watu huoga uchi, bila nguo ya kuogelea. Wanaume kwao, wanawake kwao. Pazia la mlangoni lina alama 男 kwa wanaume na 女 kwa wanawake. Unajisugua na kujisuuza kwanza ukiwa umekaa kwenye kigoda, mpaka povu lote litoke, ndipo unaingia hodhini kukaa, si kujisafisha. Taulo dogo halitiwi majini. Wenye misuko waifunge juu, nywele zisiguse maji. Hakuna anayekukodolea macho. Mara yangu ya kwanza nilikaa ukumbi wa kuvulia nguo robo saa nzima, na aliyenitoa hofu ni mwanamke mzee aliyenipisha nafasi ukutani, akainamisha kichwa, akaendelea kufumba macho.

Hata hivyo, kama dini au malezi yako hayaruhusu kuvua mbele ya wengine, hata wa jinsia yako, Kurokawa inakufaa zaidi. Ryokan nyingi pale zina kazokuburo, bafu la familia lenye mlango wa kufunga kwa ndani, linalokodishwa kwa muda maalumu. Mke na mume wanaingia pamoja, au mama na watoto wake, na hakuna jicho la mtu. Utalipa zaidi, lakini utaoga kwa amani. Tahadhari moja tu: Kurokawa pia kuna mahodhi machache ya konyoku, yaani ya wanaume na wanawake pamoja, na lile la pangoni la Shinmeikan ni mojawapo, ingawa wanawake wamewekewa pango lao pia. Uliza neno hilo kabla ya kuvua.

Kinosaki sotoyu zote saba ni za watu wengi. Zina sifa moja ambayo sehemu nyingi za Japani hazina: hazimzuii mwenye tatuu. Dada zetu wa pwani mnaotoka harusini na hina na piko mikononi hadi kwenye kiwiko, hilo linawahusu, kwa sababu mlinzi wa mlango asiyeijua hina anaweza kuidhania tatuu. Kinosaki utapita bila maelezo.

Yukata ivae upande wa kushoto juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti, na mtu atakusimamisha barabarani akurekebishe.

Majani, mvua na tarehe

Vuli yetu ni mvua za mwisho wa mwaka. Vuli ya Japani ni majira ya majani kugeuka rangi, na rangi hushuka mlimani kama mtu anayeteremka ngazi: juu kwanza, pwani mwisho. Kurokawa iko kwenye mwinuko wa mita 700 hivi, rangi zake hukolea mwanzoni hadi katikati ya Novemba. Kinosaki iko karibu sawa na bahari, hivyo husubiri katikati hadi mwisho wa Novemba. Kama likizo yako ni wiki ya kwanza ya mwezi huo, tarehe imeshakuchagulia.

Mvua nayo isemwe. Upande wa Bahari ya Japani una msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli. Novemba ya Kinosaki inaweza kuwa jua asubuhi, mvua adhuhuri, jua tena alasiri. Ryokan hukuazima mwavuli, na geta kwenye lami yenye maji zinateleza, nenda taratibu. Kurokawa hewa ni kavu zaidi lakini baridi ya jioni inauma. Chukua sweta ya kuvaa juu ukitoka majini.

Epuka tarehe 3 na 23 Novemba. Ni sikukuu za kitaifa, Siku ya Utamaduni na Siku ya Shukrani kwa Kazi, na zikiungana na wikiendi hupati chumba wala kiti cha basi.

Chakula

Kuanzia tarehe 6 Novemba msimu wa kaa wa matsuba hufunguliwa, na Kinosaki hugeuka mji wa kaa. Bei za vyumba hupanda siku hiyohiyo. Asiyekula kaa apande treni mapema, kabla ya tarehe hiyo, au aombe nyama ya ng'ombe wa Tajima, ambao ndio ukoo uliozaa nyama maarufu ya Kobe. Kurokawa ni nyama ya ng'ombe wekundu wa Aso, mboga za milimani, uyoga na samaki wa mtoni. Kumamoto hula pia nyama ya farasi, mbichi, na huletwa mezani kama heshima kwa mgeni. Usiyoyataka, na hasa kama unafuata halali na hutaki pombe ya mchele kwenye mchuzi, yaandike unapoweka nafasi. Ukifika na kuanza kukataa sahani, mpishi aliyeandaa tangu asubuhi hana la kufanya.

Na walio Tokyo je?

Wao wasihangaike na vijiji hivi viwili. Waende Kusatsu, mkoani Gunma, karibu saa nne kwa basi. Kiko mita 1,200 juu, kwa hiyo vuli yake ni katikati ya Oktoba hadi mwisho wa mwezi huo. Lakini Kusatsu ni kwa anayefuata maji yenyewe. Katikati ya mji kuna Yubatake, "shamba la maji moto", ambapo maji yanayotoka ardhini na joto la zaidi ya digrii 50 hupitishwa kwenye mifereji ya mbao yapoe. Wanawake huyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba, ili yashuke joto bila kuongezwa maji baridi yakapoteza nguvu. Na nguvu yanayo: ni maji ya asidi kali, yanauma kwenye kila mchubuko. Sisi wa Tanga tulioogelea chemchemi za Galanos tutaitambua harufu ya kiberiti mara moja. Vua pete za fedha, zitakuwa nyeusi. Mtoto mdogo au mwenye ngozi nyepesi nisingempeleka huko. Maji ya Kinosaki, yenye chumvi kidogo na yasiyo na harufu, yatamwonea huruma zaidi.

Kufika, na ninachomwambia mdogo wangu

Kwa njia, Kinosaki inashinda. Kutoka Osaka unapanda treni ya Kounotori, karibu saa tatu bila kubadili, unashuka na mji uko mbele ya mlango wa stesheni. Kurokawa hakuna treni. Kutoka Fukuoka ni basi la karibu saa tatu, yako machache kwa siku, na kiti hukatwa mapema. Likikuacha, siku imeisha.

Kungekuwa na usiku mmoja, ningesema Kinosaki bila kufikiri mara mbili, hata iwe mvua, na ningemwambia aende Kono-yu, bafu la mbali kuliko yote, kabla ya kifungua kinywa. Wanasimulia kwamba korongo aliyeumia mguu alionekana akijiuguza pale, na ndivyo maji yalivyogunduliwa. Makorongo ya porini yalitoweka Japani mwaka 1971, na ni katika bonde la Toyooka, ilipo Kinosaki, ndiko yalikorudishwa porini mwaka 2005. Leo ukiwa ndani ya treni, ukikaribia kufika, tazama mashamba ya mpunga, huenda ukawaona.

Lakini usiku hawana. Wana mchana mmoja, wiki ya pili ya Novemba, mke na mume ambao hawajaonana miezi minane, na mdogo wangu namjua, hatavua nguo mbele ya mtu. Kwa hao ni Kurokawa, kutokea Fukuoka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya hivi. Kata tiketi za basi la kwanza la asubuhi na la kurudi kabla hujapanga jambo lingine. Siku hiyohiyo piga simu ryokan, shemeji azungumze Kijapani chake, muweke kazokuburo ya mchana, basi likiwa limeshafika. Mkifika, mpite kwanza kwenye kibanda cha Jizo, yule mtakatifu wa Kibudha ambaye hekaya ya kijiji inasema kichwa chake kilikatwa badala ya cha kijana mwuza chumvi aliyeiba tikiti kwa ajili ya baba yake mgonjwa, na pale kichwa kilipowekwa maji moto yakachimbuka. Utakuta tegata zimetundikwa kwa mamia, wageni wameziacha baada ya kuoga. Shemeji anunue moja akaoge upande wa wanaume wakati wewe unakunywa chai kando ya mto. Muda wa kuitumia ni miezi sita, na ikibaki nafasi mwambie aitunze. Mwezi wa nne nitakuwa Fukuoka mimi mwenyewe, nitaimalizia.